Kabla Kimbunga Hakijafika Bagamoyo: Anza na Paa

Aprili 2021 tulitangaziwa kimbunga Jobo. Mtaani kwetu Dunda wengine walifunga maduka mapema, wengine wakajaza ndoo. Jobo kikafifia baharini kabla hakijatua, na kwa wiki nzima ikawa mzaha: ukichelewa barazani unaulizwa kama ulikuwa unamsubiri Jobo. Miaka mitatu baadaye, Hidaya ilipoanza kutajwa redioni, nilikwenda kwa jirani kuazima ngazi. Akanitazama, akacheka: "Bwana wee, hivi vimbunga vya redioni huku havifiki." Hidaya kilifika Mafia Jumamosi ya Mei 4, 2024, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Sisi Bagamoyo tukapata ya pembeni tu. Kwangu lilitoka bati moja la banda la kuku. Jirani akahesabu huo kuwa ushahidi wake wa pili.

Lakini mji huu una ushahidi mkubwa zaidi ya huo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu, kikaziharibu merikebu za Sultani Barghash, kisha kikavuka hadi huku bara. Misheni ya Wakatoliki hapa Bagamoyo, iliyoanza 1868, ilibomolewa majengo yake. Lindi nayo ilipigwa Aprili 1952. Kenneth, kilichotua Cabo Delgado kule Msumbiji 2019, kilikuwa cha Aprili 25. Ukiitazama miezi hiyo utaona jambo: Aprili, Aprili, Aprili tena, na Mei ikiwa bado changa. Vyote hivyo vimekuja ndani ya masika, ardhi ikiwa imeshalowa, mitaro imejaa na kuta za udongo zimelainika. Kwa hiyo unayesubiri tangazo ndipo uanze kutengeneza mtaro, jua kwamba utachimba kwenye tope.

Bagamoyo iko nyuzi sita na nusu hivi kusini mwa ikweta. Ukisogea ndani ya nyuzi tano, vimbunga ni nadra mno, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupinda upepo mpaka uzunguke. Sisi tuko ukingoni mwa eneo lao. Havitujii kila mwaka, na ndiyo sababu nyumba zetu hazikujengwa kwa kuvifikiria.

Mimi ni fundi wa kuezeka, kwa hiyo nitakaa sana juu ya paa na kupita haraka jikoni. Utaniwia radhi.

Elewa kwanza unachotangaziwa

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano mbele, na hutumia rangi. Njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mimi nimejiwekea kanuni yangu: njano nanunua na kukagua, machungwa nafunga na kushusha, nyekundu inikute niko ndani au nimeshahama. Usisubiri nyekundu ndiyo uende dukani kutafuta misumari. Utakuta foleni, na mwenye duka atakuwa ameshagundua kwamba misumari ni lulu.

Sikiliza pia kitovu kinatarajiwa kutua wapi, maana hilo linaamua shida yako itakuwa ipi. Huku kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Chukua sahani, izungushe mezani hivyo, kisha jiweke ukingoni mwake. Kitovu kikitua kusini yetu, tuseme Mafia au Kilwa, sisi tulio kaskazini yake tunapata upepo unaotoka bara kwenda baharini. Maji yanarudishwa nyuma, na kinachotusumbua ni mvua na mapaa. Kikitua kaskazini yetu, tuseme Saadani au Pangani, upepo unatujia kutoka baharini na kuyasukuma maji juu ya ufukwe mpaka majumbani. Kikiwa bado mashariki, kwenye maji, upepo huanza kwa kutoka kusini, na watu husema ni kusi tu limewahi.

Halafu tazama mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, na bamvua hapa kwetu hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Kati ya maji kujaa na kupwa kwa bamvua kuna zaidi ya mita tatu. Kimbunga cha kutoka baharini kikifika maji yamekupwa, kina nafasi kubwa ya kuishia mchangani. Kikifika saa kumi ya bamvua, mwenye nyumba ya ufukweni hana la kuandaa zaidi ya kuondoka. Mvuvi yeyote atakuambia bamvua inaangukia lini. Muulize kabla hujaanza kupakia chochote.

Siku tatu kabla: panda juu

Watu hudhani upepo husukuma paa likaanguka. Ukweli ni kwamba paa hunyonywa. Upepo unapopita juu ya bati kwa kasi hulivuta kwenda juu, na kama kuna dirisha wazi upande unakotoka, upepo huingia ndani ukaijaza nyumba kama kibofu, ukasukuma bati kutoka chini. Vuta juu, sukuma chini, kazi imekwisha. Paa likishaezuliwa, kuta zilizokuwa zimeshikwa nalo hubaki zimesimama kama karata, na tofali la kozi za juu, yaani safu za juu, huanza kushuka. Na kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Kwa hiyo paa lililostahimili upepo wa kilomita 60 kwa saa halijathibitisha chochote kuhusu kilomita 120.

Hapo hapo tuimalize hadithi moja. Utasikia ushauri kwamba ufungue dirisha moja "ili nyumba ipumue". Usifungue. Hiyo pumzi ndiyo inayoezua.

Sasa panda, hali ya hewa ikiwa bado tulivu, na mtu wa kushika ngazi awepo. Anza na kingo: safu ya chini ya bati upande wa upenu, safu ya juu chini ya kofia, lile bati la kileleni, na pembe zote za nyumba. Hapo ndipo upepo hushika kwanza. Katikati ya paa pakilegea kidogo utasalimika, ila pembe ikilegea haikusamehi. Pitisha kiganja juu ya vichwa vya misumari. Uliochomoza hata kidogo, au uliopoteza mpira wake, usiugonge urudi kwenye tundu lilelile, kwa sababu tundu limeshapanuka na mbao haiushiki tena. Ung'oe, piga mpya pembeni, kisha ziba tundu la zamani. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa bati. Ukipiga kwenye bonde unajitengenezea mvujo. Kwenye kingo piga mgongo mmoja, ruka mmoja. Mafundi wengi wa haraka huruka mitatu, na mimi mwenyewe ujanani niliruka mitatu kwenye nyumba ambayo sitaitaja.

Ukimaliza nje, ingia darini na tochi. Swali la darini ni moja: kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, zimeshikwa na nini? Kwenye nyumba nyingi nilizopanda, mbao ya ukutani imelazwa juu ya tofali, kenchi ikagongelewa misumari miwili ya inchi nne, basi. Nyumba nzima imevaa paa kama kofia isiyo na kamba ya kidevu. Kama fundi wako aliacha nondo au waya kutoka kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na akazifunga kwenye kenchi, mshukuru popote alipo. Kama hakuacha, fanya hivi: toboa ukuta kozi tatu chini ya mbao ya ukutani, ingiza kipande cha nondo kilale ndani ya tundu, kisha pitisha waya wa kufungia nondo, nyuzi nne pamoja, uzungushe kwenye kenchi na kuurudisha kwenye nondo. Ingiza msumari katikati ya nyuzi, uzisokote mpaka waya ulie ukiugonga kwa kidole. Anza na kenchi za pembeni, halafu kila kenchi ya pili ukiwa na muda. Kazi ya siku moja kwa watu wawili, na hupati kuiona tena ukishafunga dari. Kama fedha yako inatosha jambo moja tu katika mwongozo huu wote, nunua waya.

Kuna njia ya dharura kwa asiyeweza kutoboa ukuta: kamba nene ya nailoni, ile ya vyombo vya baharini, irushwe juu ya paa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine na ifungwe kwenye vigingi vilivyozikwa. Kigingi kilichogongwa tu kwenye mchanga wetu wa pwani huchomoka kama muhogo. Chimba shimo hadi magotini, laza gogo ndani, funga kamba kwenye gogo, fukia, shindilia. Chini ya kamba, kwenye ncha za bati, weka gunia kuukuu ili bati lisiikate.

Mawe na matairi juu ya bati yatoe. Najua yamekaa hapo miaka kumi na hayajadondoka. Upepo wa masika huyaacha, kimbunga huyabeba, na yatakaposhuka yatakuwa kwenye nyumba ya mwenzako.

Paa la makuti halishikwi kwa misumari. Ukipata jarife kuukuu, ule wavu mkubwa wa kuvulia, litandaze juu ya paa zima na ulifunge kwenye magogo ya kuzika kama nilivyoeleza. Lakini nikuambie ukweli: nyumba ya udongo yenye makuti usipange kukaa ndani usiku wa kimbunga. Ifunge kwa ajili ya kuiokoa, wewe ukalale kwingine.

Kivuli cha mbele ya duka, banda la mkaa, dishi la king'amuzi, paneli ya sola iliyofungwa kwa waya mmoja: vishushe mwenyewe kabla havijashushwa.

Madirisha na milango

Kubandika gundi ya karatasi kwa alama ya msalaba kwenye kioo hakusaidii kitu. Kioo kitavunjika vilevile, vipande vikiwa vikubwa zaidi. Kinachosaidia ni ubao. Bahati nzuri madirisha yetu yana nondo za kuzuia wezi, na nondo hizo ndizo za kufungia. Pima dirisha, kata plaiwudi au mbao zilizounganishwa, kipande kinachozidi tundu kwa upana wa kiganja kila upande, toboa matundu manne, pitisha waya mpaka kwenye nondo, sokota kwa ndani. Hata bati kuukuu lililokunjwa kingo litafaa. Andika namba nyuma ya kila ubao na namba hiyohiyo kwenye fremu, maana madirisha mawili yanayofanana kwa macho hayafanani kwa tepu.

Wenye nyumba za kale za Mji Mkongwe wetu hapa Bagamoyo mna milango mizito na madirisha ya mbao ambayo sisi wa aluminiamu tunayatamani. Fungeni komeo, kisha wekeni gogo kwa ndani. Tatizo lenu liko kwenye ukuta wenyewe: mawe ya matumbawe na chokaa vikinywa maji ya masika mwezi mzima huwa vizito na kupoteza mshiko. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Unguja, iliporomoka sehemu yake Desemba 2020 pasipo kimbunga chochote. Ukuta wako ukiwa na ufa unaoingia kidole, usiufanye kinga yako.

Minazi, matawi na tenki

Mwite mkwezi siku tatu kabla. Ukingoja siku moja kabla, utamkuta yuko juu ya mnazi wa mtu mwingine na wateja wanne wamesimama chini. Ashushe nazi zote, kavu na mbichi, na makuti makavu. Nina bibi jirani yangu ambaye nazi zake ndizo benki yake. Mei ile nilimwendea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kwa ajili ya nazi."

"Nimekuja kwa ajili ya kichwa chako, bibi. Zishushwe."

"Bado hazijakomaa."

"Bibi, zikija na upepo hazitauliza."

Alikubali nusu. Alitaka madafu yale yauzwe kwanza, na yakauzwa, kwa sababu siku ile maduka ya maji yalikuwa na msongamano. Nilijifunza kitu hapo: dafu lililofunikwa kivulini ni maji safi yasiyohitaji kuchemshwa. Nimelitia kwenye orodha yangu.

Matawi ya mwembe au mkorosho yanayolala juu ya bati yakatwe. Yanayogusa waya wa umeme usiyaguse, waite TANESCO. Matawi yaliyokatwa yaondoe uani, vinginevyo umetengeneza mishale na kuiacha tayari.

Tenki la plastiki tupu ni puto. Likijaa, lita 1,000 ni tani moja, na si rahisi upepo kulichezea. Basi lijaze mpaka juu na ufunge kifuniko kwa waya. Ila kagua kwanza linakokaa. Mnara wa miti iliyooza chini hautakiwi kubebeshwa tani moja usiku wa upepo. Kama ndivyo ulivyo, lishushe chini, lilaze kwenye udongo sawa, ulijazie huko.

Maji: mengi mno na machache mno

Fanya hesabu hii ya fundi. Milimita 100 za mvua maana yake ni lita 100 kwa kila mita moja ya mraba. Paa la mita 60 za mraba litamwaga lita 6,000, sawa na madumu 300 ya lita ishirini, na yote yanashukia kwenye msingi wako. Sasa zunguka nyumba ujiulize maji hayo yanakwenda wapi. Kwa nyumba ya udongo hilo ndilo swali la uhai. Chimba mtaro umbali wa hatua moja kutoka ukutani, uelekeze kwenye mteremko, wala usiuelekeze kwa jirani maana naye atauelekeza kwako. Udongo uliochimba ushindilie kwenye kitako cha ukuta uwe na mgongo wa kumwaga maji nje. Ukuta unaotazama upepo ufunike turubai kuanzia chini ya upenu mpaka ardhini, na ukingo wa chini uufukie. Mtaro wa mtaa pia usafishwe, na hapo inabidi mtoke wote, kwa sababu chupa tatu na nepi moja zinatosha kuziba kalvati la nyumba ishirini.

Viroba vya mchanga vya mlangoni visijazwe mpaka mdomoni. Vijaze zaidi kidogo ya nusu ili vilale na kushikana, mdomo ukunje chini, vipange kama tofali, kila kiungo kikalie katikati ya kiroba cha chini. Tandika nailoni kwanza, ipande mbele ya viroba. Haitazuia mafuriko, itazuia maji ya kiwango cha kifundo cha mguu, na kwa nyumba nyingi hayo ndiyo yanayoharibu godoro na unga.

Maji ya kunywa nayo yatakuwa shida, maana pampu za bomba hutegemea umeme, na umeme hukatika mapema. Hesabu lita nne kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia. Familia ya watu sita kwa siku tatu ni lita 72, yaani madumu manne. Hayo yawe yameoshwa, yamefunikwa na hayachotwi kwa kikombe. Ya kuoga na chooni yakae kwenye mapipa na beseni. Kisima cha uani kikiwa kifupi, kifunike na ukipandishie ukingo kwa viroba. Mafuriko yakikipita juu, maji ya mashimo ya vyoo yameshaingia humo, na kipindupindu husafiri kwa njia hiyohiyo.

Vya ndani, kwa haraka

Chakula kiwe kisichohitaji moto au kinachohitaji moto kidogo: tende, karanga, mikate mikavu, unga wa uji, ng'onda. Mkaa mkavu kwenye ndoo yenye mfuniko, kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni. Wa gesi, mtungi ufungwe koki wakati hautumiki. Nunua Luku mapema kama mita yako inakaribia sifuri. Weka fedha taslimu za noti ndogo, kwa kuwa mtandao ukilala wakala naye analala.

Dawa za presha, sukari na za kufubaza virusi ziwe za mwezi mzima, pamoja na kadi ya kliniki. Hati ya kiwanja, vyeti, kitambulisho cha NIDA na kadi ya bima vifunge kwenye nailoni mbili, vitie kwenye ndoo yenye mfuniko. Vipige picha pia. Simu zijazwe chaji, redio ya betri iwepo. Wakati wa dharura ujumbe mfupi hupita mahali ambapo simu ya sauti imegoma, kwa hiyo kubaliana na ndugu wa Dar mapema: mtatumiana ujumbe saa ngapi na nani atawapa wengine habari.

Wenye ngalawa na mashua sina la kuwafundisha, ila moja nimeliona: watu hukivuta chombo mpaka mstari wa bamvua ya jana. Kivute mbali zaidi ya hapo, shusha mlingoti na tanga, kifunge kwenye mti ulio hai, au kiingize kwenye kijito cha mikoko kabla wengine hawajakijaza.

Mbuzi na kuku wasifungwe kamba. Wafungulie, wataona pa kwenda.

Siku moja kabla: kubaki au kuhama

Hama, bila kujadiliana na mtu, kama nyumba yako iko chini ya mahali ambapo bamvua kubwa hufika, au kwenye tambarare za mto Ruvu, au bondeni ambako masika ya kawaida tu huingia ndani. Hama pia kama ni ya udongo na makuti, au ya mawe yenye nyufa. Muulize mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata ni jengo gani limepangwa kupokea watu. Kama halijapangwa, mtakuwa mmemkumbusha. Nyumba ya ndugu yenye paa la slabu ya zege ni bora kuliko ukumbi mkubwa wa bati wenye paa pana, hata ukumbi huo ukiwa na viti vizuri.

Ondoka mchana. Maji yanayotembea yakifika katikati ya muundi yanaweza kukuangusha, yakifika kwenye goti gari dogo halishiki tena barabara, na usiku huwezi kuyapima. Mzee au mgonjwa apelekwe wa kwanza, siku mbili kabla kama inawezekana, akiwa na mtu wake anayemzoea. Wazee wengi hukataa kwa kuona wanafukuzwa nyumbani. Usimwambie unamhamisha. Mwambie wajukuu wanamtaka akalale nao, na hakikisha wajukuu wanamtaka kweli.

Kabla hujafunga mlango, zima swichi kuu ya umeme, funga gesi, ziba tundu la choo cha shimo kwa mfuniko wenye kitu kizito juu.

Usiku wenyewe

Unayebaki, chagua chumba kidogo cha katikati, kisicho na dirisha la nje, au korido. Magodoro yasimamishwe ukutani upande unakotoka upepo. Kila mtu avae viatu, na awe na filimbi au kitu cha kugonga. Taa iwe ya betri. Mshumaa ndani ya nyumba iliyofungwa kila tundu, upepo ukipenya, ni moto wa pili. Jiko la mkaa na jenereta visiingizwe ndani hata kwa dakika kumi, kwa sababu hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala.

Unayebaki nawe zima swichi kuu, na iendelee kuwa imezimwa. Umeme ukirudi katikati ya dhoruba, huja ukipanda na kushuka, na waya uliolowa hauonyeshi hatari yake.

Kama kitovu kitapita juu yetu, patatokea kitu kinachowadanganya watu: upepo utanyamaza ghafla. Huenda hata nyota zikaonekana. Utulivu huo ni wa dakika chache, pengine nusu saa au zaidi kidogo, kisha upepo hurudi kwa nguvu ileile ukitokea upande wa pili. Walioko nje wakati huo wakitafuta mabati yao hukutwa huko huko. Kaa ndani mpaka redio iseme kimepita. Ukitumia nafasi hiyo, itumie kwa jambo moja: hamishia magodoro kwenye ukuta wa upande wa pili.

Bati likianza kupiga kelele kwenye pembe moja, usipande. Rudia: usipande. Wahamishe watu mpaka pembe ya mbali na hapo.

Asubuhi yake

Toka kukiwa na mwanga. Waya wowote ulioanguka uhesabu una umeme, hata kama mtaa mzima uko gizani, na kaa mbali na dimbwi lililogusana nao. Moto au mtu aliyenaswa, piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Polisi ni 112. Watoto wasitembee pekupeku: mabati yaliyong'oka hubaki na misumari yake, na nyoka nao huwa wamehama kama watu.

Ukuta wa udongo au wa mawe uliosimama asubuhi unaweza kuanguka mchana jua likiupiga. Kaa nao mbali siku mbili tatu, na ukiingia ndani kutoa vitu, ingia mmoja, mwingine abaki mlangoni akiangalia nyufa.

Maji yote ya kunywa yachujwe kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, kisha yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kisima kilichofurika kisitumike mpaka kitolewe maji yote na kutiwa dawa kwa maelekezo ya bwana afya. Anayeharisha maji maji apewe maji ya chumvichumvi, yale ya pakiti ya ORS, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Piga picha uharibifu kabla hujagusa kitu, kisha orodhesha kwa mtendaji. Usikimbilie kuezeka kwa fundi yeyote anayepita mtaani na nyundo. Siku hizo kila mwenye nyundo ni fundi, na bati lililopinda likirudishwa kwa misumari ileile litaondoka kwa upepo wa kawaida wa kusi. Muulize swali moja tu kabla hujampa fedha: kenchi atazifunga kwa nini kwenye ukuta? Akijibu "misumari", mpe chai aende.

Mbao za madirisha zikishatoka zikaushe kivulini, zifungeni pamoja na waya wake na kamba, na ziwekeni mahali pakavu. Zangu ziko chini ya kitanda, namba moja hadi saba. Jana nilizitoa kuzikagua, maana masika yamekaribia, nikakuta paka amezaa juu ya namba nne.